Nati Nane za Valvu Namba Sita

Kadiri wa Buyenzi ana vidole vinane, na tuanze hapo hapo, maana ndipo watu wa Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, wanapoanzia wakimtaja. Vinyozi wa Galerie d'Ixelles wanamwita Papa Huit, yaani Baba Nane. Wakinunua mishikaki ya kugawana, lazima mmoja aulize kama Papa Huit anajua kuhesabu mpaka kumi, na hapo watacheka hadi mashine iteleze kwenye kisogo cha mteja. Kadiri hucheka pamoja nao. Ana miaka hamsini na mitatu, ana mvi kidevuni, na hajawahi kumwambia mtu yeyote mle ndani afunge mdomo.

Vile viwili vilivyopungua vilibaki Bujumbura, chini ya lori la bia. Alikuwa fundi wa magari, kijana, na siku ile kabla ya kuingia chini ya lori alimpigia kelele mwenzake: "Umefunga breki?" Mwenzake akajibu kwa moyo mweupe: "Nimefunga!" Na kweli alikuwa amefunga. Alikuwa ametoka kufunga breki mpya, amezikaza vizuri, kazi safi ya kujivunia. Kumbe Kadiri alikuwa anauliza kama ameivuta ile breki ya mkono. Hapakuwa na mwongo pale, wallahi. Watu wawili, neno moja, kila mmoja na maana yake, na lori likaanza kuteremka polepole. Alipigwa na tairi kwenye mkono wa kushoto, na alipoamka alikuwa hospitali.

Mwaka 2015 nchi ilipochafuka tena, Kadiri alikimbia. Alipita Kigoma, akamwacha kwa dada yake Aziza mtoto wake wa pekee, Tasnim, wa miaka minane. Mama yake mtoto, Rukiya, alikuwa ameshazikwa. Kadiri aliahidi kurudi kumchukua baada ya mwaka mmoja, na ahadi hiyo ikalala miaka kumi. Brussels alipata karatasi za ukimbizi, akapata nyumba ndogo Etterbeek, akapata kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Aliwaogesha vizuri. Mzee mmoja alikuwa anamng'ata kila Jumanne, na Kadiri alimwogesha vizuri na Jumanne iliyofuata. Ila mkataba wake ulikuwa wa wiki mbili, ukiisha anapewa mwingine wa wiki mbili, miaka nenda miaka rudi.

Na hapo ndipo kisa chote kinapokaa. Wakili alimweleza bila kuzunguka: mtoto ataletwa ikiwa ombi litaingia kabla hajatimiza miaka kumi na nane, na ikiwa baba ana mkataba wa kudumu, na mkataba huo uendelee kusimama mpaka jibu litoke. Wiki mbili mbili hazihesabiki. "Akishafika kumi na nane," wakili alisema, "ombi hili likikataliwa hakuna jingine." Kadiri alirudi nyumbani na kalenda mkononi. Zilikuwa zimebaki kama miezi kumi na nne.

Sasa anaingia Constant. Constant ni mhandisi, mtu wa Kolwezi kule Kongo, miaka arobaini, viatu vinang'aa, kicheko kikubwa. Kampuni yake ilikuwa inapanga mtambo wa gesi wa kusimamishwa baharini, pwani ya kusini ya Tanzania. Mtambo wenyewe ulikuwa bado haujasimama hata nguzo moja, ulikuwa kwenye karatasi tu. Kazi ya Constant, tuseme kweli, ilikuwa kukaa Brussels na kuwaza mapema jinsi watu watakavyokufa kule, kisha kuandika kifanyike nini ili wasife, au wasife wengi. Moto, gesi, helikopta kuanguka, boti ya kuokolea watu kugoma kushuka: kila hatari ina mstari wake na namba yake kwenye daftari kubwa la hatari, na kila mstari una rangi. Nyekundu haikubaliki, njano inavumilika, kijani haina neno.

Siku hiyo alikuja kunyoa na fomu mkononi, akawa anawasomea vinyozi kwa sauti ili wacheke. Ilikuwa fomu ya kukabidhiana zamu, kwa Kiswahili na Kifaransa, na Kiswahili cha watu wa Tanzania humchekesha sana mtu wa Kolwezi.

"Musikie! Banasema kama bako nasoma Biblia! 'Valvu namba sita imefungwa.' Yaani vanne fermée."

Kadiri alikuwa kwenye benchi anangoja zamu yake. "Soma tena hiyo," akasema.

"Imefungwa, papa."

"Hiyo karatasi itaua muntu."

Kinyozi mmoja akaanza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akarudi kunyoa. Kadiri akainua mkono wa kushoto, akaeleza habari ya lori. Valvu mpya ukiishika ukaikaza kwenye bomba, umeifunga. Valvu ukiizungusha isipitishe kitu, nayo umeifunga. Fundi wa kwanza ataweka alama kwa maana moja, fundi wa zamu ya pili atasoma kwa maana nyingine. Constant alisikiliza huku povu likimkaukia kisogoni. Wiki ile ile akampigia simu.

Hivyo ndivyo mwogesha wazee alivyojikuta mezani na wahandisi, mara mbili kwa mwezi, siku zake za mapumziko, katika chumba chenye kioo kuanzia sakafuni mpaka darini. Walimpa kikombe chenye jina la kampuni. Waliandika hoja yake kwenye daftari: mstari wa 114, hatari ya lugha, nyekundu. Kadiri aliipiga picha ile nyekundu kwa simu akamtumia Tasnim. Tasnim akajibu kwa sauti: "Baba, sasa wewe ni injinia?" Alisikiliza sauti ile basini, akaisikiliza tena kwenye ngazi za nyumba yake.

Lakini fomu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Dokta Lina, mama wa Dar es Salaam, mfasiri mwenye shahada tatu na ofisi karibu na majumba ya Umoja wa Ulaya. Kadiri alipendekeza mistari miwili badala ya mmoja. Wa kwanza: valvu imepachikwa. Wa pili: valvu haipitishi. Hata mtu aliyeishia darasa la nne angeelewa. Lina aliisoma karatasi yake akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Mzee, with due respect, hii ni lugha ya gereji."

"Watakaoisoma ni watu wa gereji, mama."

"Kinyume cha kufungua ni kufunga. Ipo kwenye kamusi. Tusipotezeane muda."

"Kamusi haijawahi kulala chini ya lori," Kadiri akasema.

Lina akautazama mkono wake uliokuwa juu ya meza. Akautazama bila haraka. "Na wewe ungemuuliza mwenzako swali vizuri, si ungekuwa na vidole vyako?"

Ala! Maneno gani hayo ya kumwambia mtu mzima? Lakini Constant alicheka, na alipomfasiria mkuu wa mradi, mkuu naye akacheka, na Kadiri, kwa mazoea yake ya kule kwa vinyozi, akacheka pamoja nao. Kisha akaurudisha mkono mapajani. Mtu wa kupanga kurasa akasema mstari mmoja ukiongezeka fomu itahamia ukurasa wa pili, na fomu ya kurasa mbili wafanyakazi hawaisomi. Hilo nalo likaandikwa.

Miezi ikapita, mstari wa 114 ukabaki mwekundu. Hatari nyingine zote zilishapunguzwa, hata ile ya moto wa gesi, ambayo mtaalamu mmoja aliipigia hesabu mchana kutwa akatoka na jibu la mtu mmoja na robo kwa miaka elfu kumi, na hakuna aliyeuliza robo ya mtu inazikwa wapi. Wenye mradi wakasema daftari lote liwe limefungwa kabla ya Januari kuisha. Kadiri naye alikuwa na kalenda yake. Tasnim alikuwa amebakiza wiki saba.

Constant alimwita ofisini asubuhi moja ya theluji. Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili na kalamu moja.

"Papa Kadiri, ikala. Uko muzima? Na mutoto?"

"Mutoto anaongoja."

"Bon. Huku kuko contrat yako. CDI, ya kudumu, conseiller linguistique, mushauri wa luga. Mi mwenyewe njo nilikuombea, na haikukuwa mwepesi. Na huku kuko ligne cent quatorze, ule mustari wa 114. Weye njo uliifungula, donc weye njo utaifunga."

"Fomu wameirekebisha?"

"Inabakia vile iko. Lakini batu batapata formation, mafunzo ya siku mbili. Njo mesure, njia ya kuzuia. Na formation, rouge inakuwa jaune. Risque tolérable, papa. Inavumilika."

"Nani atakayeivumilia, Constant?"

Constant akakunja uso, si kwa hasira, kwa uchovu. "Papa. Minajua weye uko na haki. Minajua. Kwetu pia tunasema kufunga, kila siku. Lakini hii mambo haiende mbele na ligne moja ya rouge, na contrat haiende mbele bila hii ligne. Mi siko mutu mubaya. Angaria kalenda yako."

Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Kadiri angemtemea mate, akarudi kwa mzee wake anayeng'ata, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Constant alikuwa amesema kweli tupu, na alikuwa amemletea kahawa yenye maziwa kama anavyoipenda. Kadiri akausaini mkataba kwanza. Kisha akausaini mstari wa 114. Kalamu ilikuwa ile ile na mkono ulikuwa ule ule. Katika nakala ya Kiswahili ya daftari, iliyotayarishwa na Lina, pakaandikwa: Hatari namba 114, imefungwa. Imefungwa vipi sasa? Imezuiwa isipite, au imekazwa pale pale na nati zake? Hakuna aliyeuliza, na yule mmoja aliyejua kuuliza alikuwa ameshatoka nje, anakimbilia kwa wakili bila kufunga vifungo vya koti.

Ombi liliingia siku tisa kabla ya siku ya kuzaliwa. Kadiri alinunua kitanda kwenye duka la vitu vilivyotumika, akakibeba na jirani yake mpaka ghorofa ya tatu. Alinunua kitambaa cha pazia mtaa wa Chaussée d'Ixelles, cha kijani, na akabishana bei kwa Kifaransa cha kuungaunga mpaka muuzaji akasalimu amri. Alikuwa na furaha, msimwonee kwa hilo. Alipita Galerie akawaambia vinyozi kwamba binti yake anakuja, na vinyozi, hao hao wenye midomo, walimnyoa bure.

Mwezi wa tano mtu akafa.

Hakufia baharini. Bahari ilikuwa bado haijaguswa. Pwani kule kampuni ilikuwa imejenga uwanja wa mazoezi, mabomba ya chuma yaliyojazwa hewa ya msukumo, ili wafanyakazi wajifunze kabla mtambo haujasimama. Fundi mmoja, Bakili Nandonde, kijana wa miaka ishirini na sita, alipewa valvu mpya aifunge kwenye bomba la sita. Aliifunga kwa nati nane. Ilipofika saa ya kubadilishana zamu akachukua fomu, akaona pameandikwa "Valvu namba sita imefungwa", akaweka alama. Kwenye zamu ya pili alikuwa Mfaume, rafiki yake, waliyekuwa wakila naye sahani moja. Mfaume akasoma: imefungwa, haipitishi kitu. Akaenda mwisho wa bomba akalegeza kifuniko. Hewa ilikuwa inapita kama kawaida, kifuniko cha chuma kikamvunja kifua, na gari halikufika naye hospitali.

Kadiri alizisoma habari hizo kazini, kwenye karatasi aliyopewa aitafsiri. Alipofika kwenye zile nati alisimama, akaenda chooni, akafungulia maji ya bomba akayaacha yapite tu.

Bima ikataka kujua kosa ni la nani. Ikiwa fomu ilikuwa mbovu, kosa ni la waliopanga, na la waliosaini. Ikiwa Bakili alijua maana ya alama aliyoweka, basi alitoa taarifa ya uongo, mtu akafa, na kosa ni lake peke yake. Kikao kikapangwa Brussels, Bakili aonekane kwenye skrini kutoka kule kwao. Palihitajika mkalimani. Lina alikuwa ndiye mwandishi wa fomu, kwa hiyo hakufaa.

"Itakuwa weye, papa," Constant alisema kwenye korido.

"Mimi nina signature yangu mule ndani. Siwezi."

"Ligne cent quatorze banasoma tu kama formulaire, ile fomu, iko na shida. Bakifungula ile ligne, batakuta jina ya nani?"

"Yangu."

"Na ile siku contrat yako itabakia?" Constant alimgusa bega. "Mutoto alishapata réponse?"

"Bado."

"Bon," Constant akasema, akamfungulia mlango wa chumba cha mkutano, akampisha atangulie.

Mwenyekiti alikuwa bibi mmoja wa bima, Madame Sidonie, mwenye miwani ya kamba, mpole, aliyeuliza kama kila mtu amepata maji. Constant alikaa pembeni. Alikuwa haruhusiwi kusema. Kwenye skrini akatokea Bakili, amevaa shati la kuazima, shingo pana kuliko yeye, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki. Alipomwona Kadiri uso wake wote ulifunguka.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, nashukuru Mungu. Nilidhani nitakutana na Wazungu watupu."

Madame Sidonie alitaka kujua wamesema nini. Constant hakuruhusiwa kumjibu, kwa hiyo Kadiri akajibu mwenyewe: salamu tu, Madame. Maswali yakaanza. Jina, umri, mafunzo ya siku mbili, ndiyo alihudhuria, siku ya pili jenereta liliharibika wakapelekwa nyumbani mapema. Kadiri alitafsiri yote hayo neno kwa neno, na kwa haki ya Mungu, alitafsiri vizuri. Kisha bibi akaiinua fomu, akaweka kidole kwenye kisanduku chenye alama.

"Mwulize hivi. Alipoweka alama hapa, alimaanisha nini?"

Kadiri akauliza. Bakili alisogea karibu na kamera.

"Nilimaanisha niliifunga, mzee. Na niliifunga kweli, sikudanganya. Nati nane, nilizikaza kwa mkono wangu, hata msimamizi alikuja kuzigusa. Wanaposema nimedanganya wananionea. Imefungwa, ndiyo, imefungwa! Waende wakaangalie, mpaka leo iko pale pale kwenye bomba. Mfaume alikuwa ndugu yangu, mzee. Mimi ningemwandikia ndugu yangu uongo?"

Basi. Maelezo yote yalikuwa hapo, mezani, na katika chumba kile watu wawili tu waliyasikia. Mmoja alikuwa Constant, aliyekuwa anaitazama glasi yake ya maji. Mwingine alikuwa na neno moja la kutoa. Kwa Kifaransa hakuna ujanja katika jambo hili. Ukisema montée, valvu imekazwa kwenye bomba. Ukisema fermée, haipitishi kitu. Kadiri, aliyelilipia neno hili kwa vidole viwili, alilijua kuliko mtu yeyote duniani. Alimwaza kijana wa shati la kuazima, nasema alimwaza, simsingizii. Halafu akawaza pazia la kijani.

"Il dit qu'il l'a fermée, Madame."

Madame Sidonie aliandika. "Amezungumza kwa kirefu zaidi ya hapo," akasema kwa upole.

"Anasema ana uhakika. Anasema aliifunga, fermée, kwa mkono wake. Na kwamba marehemu alikuwa rafiki yake."

"Fermée. Kwa hiyo alielewa maana ya kisanduku."

"Alielewa, Madame."

"Na fomu haikuwa na utata kwake."

Kadiri hakumwuliza Bakili swali hilo. Aligeukia skrini akamwuliza kama yuko salama kwa afya, Bakili akasema ndiyo mzee, yuko salama, na Kadiri akamgeukia bibi. "Hapana, Madame. Hakuona utata."

Constant akainua glasi yake, akanywa maji yote. Madame Sidonie alifunga kalamu, akashukuru wote, akasema mkalimani amefanya kazi ngumu. Mtu alikuwa anatafuta kitufe cha kuzima skrini na hakipati, na katika zile dakika Bakili alikuwa bado pale, ameinamia kamera.

"Mzee, umewaambia zile nati nane?"

"Nimewaambia."

"Na wameandika?"

"Wameandika, mwanangu."

Bakili akavuta pumzi mpaka shati lile likamjaa. Akajifuta macho kwa kiganja. "Asante sana, mzee wangu. Mungu akulipe kwa watoto wako. Siku zote hizi silali, najiuliza nani atanisemea. Kumbe Mungu ameniwekea Mswahili mwenzangu."

Kisha kitufe kikapatikana.

Yaliyofuata Kadiri aliyasikia kwa vinyozi, Constant akiwa kwenye kiti, povu kisogoni, anasema kwa sauti ya chini. Bakili alifukuzwa, akafunguliwa mashtaka ya kusababisha kifo kwa uzembe. Mama yake Mfaume, aliyemlea Bakili kama mtoto wake, alikwenda mpaka mlangoni kwake akamlaani mbele ya mtaa mzima. Fomu ilibaki kama ilivyokuwa, ukurasa mmoja, maana imethibitishwa kwamba haina utata. Mtambo utasimamishwa mwaka ujao. "Bon, papa," Constant alimalizia, "tulifanya vile tuliweza." Kadiri alimwambia ndiyo. Kinyozi akauliza kama Papa Huit naye ananyoa leo, na Kadiri akasema atarudi siku nyingine, na tangu hapo hajarudi.

Jibu la Tasnim lilitoka mwezi wa kumi, nalo lilikuwa jibu zuri. Alishuka uwanja wa ndege na sanduku moja, mrefu, sura ya marehemu mama yake, akamkumbatia baba yake mpaka watu wakawapisha. Aliushika mkono wake wa kushoto na hakuuachia mpaka Etterbeek. Alikagua nyumba, akacheka jinsi jiko lilivyo dogo, akasifia kitanda, akasema shangazi Aziza anamsalimu na amemtumia dagaa. Kisha akaingia chumbani kwake kubadilisha nguo, na Kadiri akakaa jikoni anangoja chai ichemke.

"Baba!" aliita kutoka kule gizani, kabla hajawasha taa. "Pazia limefungwa?"

Lilikuwa limefungwa. Alikuwa amelifunga mwenyewe, mwezi mzima uliopita, amepanda kiti na kutoboa ukuta kwa drili ya jirani. Lakini mtoto alikuwa anavua nguo, na ng'ambo ya barabara kuna madirisha ya watu. Kadiri alifungua mdomo kujibu, akaufunga.

"Baba? Si nakuuliza? Limefungwa?"

"Limefungwa vipi?" akasema.

Kicheko, kile kicheko alichokingoja miaka kumi, kikamjia kupitia ukutani.

"Ee baba! Mswahili gani wewe hujui kufungwa?"

Chai ikachemka ikamwagika juu ya jiko. Tasnim aliendelea kucheka peke yake mle chumbani, akaja kutokea mlangoni amejifunga kanga, akamkuta baba yake amekaa vile vile, mikono yote miwili ameificha chini ya meza.